Pamoja na ya Kutolea

Mnada unafungwa saa nne usiku.
Saa ya ukutani ya marehemu Lufungulo, mstaafu wa reli,
inawahi dakika sita. Nimeshaandika hivyo,
sitaki lawama.

Wamebaki watatu wanaopandishiana dau,
nami hapa Isevya, miguu kwenye beseni la maji ya moto,
mstari wa mwisho wa tangazo bado mweupe:
Malipo ninayopokea.

Pesa ya simu, ndiyo. Ya mtandao upi?
Nina laini tatu, simu inameza mbili,
ya tatu inalala kwenye kopo la vifungo.
Na utume na ya kutolea, ndugu yangu,
usinirushie elfu themanini kavukavu
wakala wa Cheyo akaja kuimega mbele ya macho yangu.

Benki, sawa. Ila benki inafunga Jumamosi mchana,
na anayelipa Jumamosi jioni
anataka mzigo upande basi la Jumapili alfajiri.

Mwezi wa tatu nililipwa kwa picha.
Pasi yangu ya mkaa, ile yenye jogoo wa shaba, ilikwenda Singida,
huku ukabaki ujumbe mzuri, koma mahali pake,
namba ya muamala ndefu kama treni ya mizigo.
Nikaenda kutoa. Wakala akanitazama
kama mtu aliyevaa blauzi nje ndani.

Kijana mmoja wa Maskati anaulizia kadi.
Mwanangu, kadi niliyo nayo ni ya kliniki.

Mama yangu Nyanzala aliuza asali dirishani,
stesheni ya Tabora, usawa wa behewa la tatu,
chupa za bia zilizozibwa kwa gunzi.
Treni ya Kigoma haikumngoja mtu ahesabu chenji.
Mkono wangu kwenye noti, alisema,
kabla wako haujaizoea chupa.
Honi ikishalia, bei imegeuka imani.

Siku moja aliachia mapema.
Behewa likajivuta, yule bwana akawa anapapasa mifuko,
akaondoka na dirisha lake.
Mama hakutukana. Alifuata reli,
nami nyuma yake nikiruka mataruma, kapu kichwani,
mbali, hadi sauti ya treni ikaisha.
Hapo akaokota soksi.
Imepigwa fundo; ndani noti,
na betri kuukuu ya tochi ya kuipa uzito.
Shilingi tano zilizidi.
Soksi alinifulia. Niliivaa mguu mmoja, masika yote.

Habari hiyo si ya kuandikwa kwenye masharti.
Wangeisoma, wote wangenitupia soksi.
Kwa hiyo naandika, na kwa kuwa usiku unanichekesha, naandika kwa mizani:

Kwanza pesa, kisha saa, picha ya pesa si pesa;
Tuma na ya kutolea, mkopo niliutosa.

Naweka. Vidole gumba vitatu vinaitikia.
Halafu inaingia sauti, ya Mhoja wa Kaliua,
kutoka ndani kabisa, wanakorina,
mtandao anaupata akipanda kichuguu.
Elfu tisini, anasema. Dau la juu kuliko yote.
Ila wakala yuko mbali, na akifikiwa hana salio.
Nitampa taslimu mhudumu wa behewa, dada,
wewe umsubiri hapo Tabora.
Nyuma yake mbwa anabweka, mtu anapasua kuni.

Naisikiliza mara tatu.
Wa Maskati amepandisha hadi tisini na mbili, bado na kadi yake.
Ukutani saa inagonga, kumi kamili,
ina maana zimebaki dakika sita.

Maji yamepoa. Natoa mguu mmoja.
Naandika mstari, naufuta, naandika tena:

Wa Kaliua alete kwa treni.
Afunge fundo vizuri.
Ya kutolea asiweke.