Wiki ya Mbalamwezi

Mwezi ukijaa, dagaa hawaitikii wito wa taa.
Hilo hatufundishwi Kibirizi, tunazaliwa nalo.
Mitumbwi inalala kifudifudi, wanaume wanaziba nyavu,
na sisi wa kwenye chanja tunahesabu madeni.

Safari hii nilihesabu, nikachokea katikati.
Nikamwambia wifi yangu, twende tukakae.
"Wapi?"
Popote penye maji yasiyonidai.

Jina lake Sikujua, na kweli hakujua,
lakini alijifunga khanga akaja.

Bodaboda ikatupitisha Mwanga, ikatupitisha Bangwe,
ikatushusha pale njia inapokata tamaa.
Tukateremka kwa miguu, changarawe zikituvuta,
nyasi zikitukwangua mashavu ya miguu.
Chini alikuwepo kijana na kitabu cha risiti.

"Mmekuja kufanya nini?"
Kukaa.
"Kukaa tu?"
Akachungulia nyuma yetu, labda tumeficha ndoo.
Jina lake Bukuru, nikajua ni pacha.
Na Butoyi yuko wapi?
Yuko Mpanda, akasema, machimboni,
mwaka wa pili huu hajapiga simu.
Akatukatia risiti moja kwa watu wawili.

Basi ndiyo hapo. Mchanga
wa punje nene, rangi ya mtama uliokobolewa,
na hapana mtu.
Hapana nyayo ila za kenge,
mkia wake umepita katikati
kama kalamu ya mtu aliyekosea hesabu akaikata.
Hapana redio. Hapana anayenadi bei.
Ziwa letu halijui kupwa wala kujaa,
lilikuwa linapumua palepale,
polepole, kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kupima:
hapa zingeanikika ndoo arobaini,
pale mwambani ishirini,
na kunguru wenyewe wa kuhesabu.
Sikujua akacheka mpaka akakaa chini.
"Umekuja kukaa, au umekuja kuanika?"

Nikatandika khanga. Nikajianika mimi.
Mgongo kwanza, kama ninavyowalaza wao,
na jua lilipokolea nikajigeuza.
Miaka kumi na tisa nageuza fedha ndogondogo kwa kiganja,
sikuwahi kuuliza upande wa pili unasikia nini.
Unasikia moto.
Halafu usingizi.

Nilipoamka nikazamisha mikono hadi kwenye viwiko.
Maji maangavu, hata kovu la kisu nililiona.
Vikaja visamaki vyenye mistari, visivyo na bei sokoni,
vikanidonoa vidole kimoja kimoja.
Nadhani vilinusa ndugu zao.
Niliiacha mikono palepale.

Ng'ambo, milima ya Kongo imemezwa na vumbi la kiangazi.
Sikujua akaelekeza kidevu kule pasipoonekana kitu:
"Mama alivuka kutoka kule, akiwa mgongoni."
Mama gani?
"Mama. Mkweo."
Kumbe.
Miaka yote hii tumeanika bega kwa bega,
tukisemezana bei, mawingu, nani kaibiwa chanja,
na neno hili lilikuwa limekaa kati yetu
likingoja siku isiyo na kazi.

Sikumwuliza zaidi. Tukanyamaza.
Si kimya cha msibani, kile cha kutafutiwa maneno;
hiki kilikuwa kimeshiba.
Bukuru naye alikuwa amekaa mbali, risiti magotini,
simu mkononi, haongei na mtu.

Jioni, Kibirizi. Mwezi umeshapanda,
mkubwa, hauna haya.
Mume wangu mlangoni, sindano ya nyavu mkononi:
"Umeleta nini?"
Nikakung'uta khanga. Mchanga kidogo, na konokono mmoja mtupu.
"Ndiyo hivyo tu?"

Mama yako, nikamwuliza, alibebwa na nani kuvuka?

Akaiweka sindano chini.
Akasogea kwenye kibaraza, akaniachia nafasi.