Saa Kumi na Moja

Jimbo letu ni dogo. Ukipiga chafya magharibi,
mashariki wanakujibu: afya!
Udongo mwekundu, theluji miezi mitano,
na daraja moja refu linalopeleka vijana bara
na kuwarudisha kwa Krismasi na kwa mazishi.

Nafanya kazi ghala la viazi.
Mkanda unapita, natoa vilivyooza,
vilivyokatwa na trekta,
vyenye sura za watu ninaowafahamu.
Tangu Septemba hadi mkanda uzimwe
mimi si Odelie, mjane wa Fidele.
Mimi ni saa. Sote humu ni saa,
tunazihesabu kama sarafu gizani, kwa kidole gumba,
maana ukifikisha idadi, serikali inakuvusha theluji
kwa posho ya kuwasha tanuri;
usipofikisha, hata ikipungua moja,
chukua hesabu yako ukaichemshe.

Jumanne alikuja waziri.
Kiwanda cha samaki kilichofungwa
mwaka niliojifungua kitindamimba
kimepakwa rangi ya kijivu, kimepewa jina
refu kuliko orodha ya watakaoajiriwa.
Alisema ubunifu. Alisema mnyororo wa thamani.
Alisema nafasi arobaini. Msaidizi akamnong'oneza,
akasema: hadi arobaini.
Hilo neno hadi! Dogo, lakini tumbo lake
linameza watu thelathini na watano bila kucheua.
Tulipiga makofi. Glovu hupunguza sauti.
Utepe ukakatwa kwa mkasi waliokuja nao,
wakaondoka na mkasi.

Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Ila kibaba cha hapa kina tundu,
na tundu lina umbo la daraja.
Mwanangu Placide yuko huko mbali, kwenye mafuta,
wiki tatu kwao, moja kwangu.
Akifika hulala siku mbili, ya tatu hunikatia kuni,
ya nne anatazama saa.
Mama, kule mshahara wa mwezi ni msimu wako mzima.
Ndiyo, namwambia, na kule nani atagundua
kwamba mlango wa jirani haujafunguliwa tangu asubuhi?
Hajibu.
Nami sina hakika kama nilikuwa nimemjibu.

Alhamisi, Wendell msimamizi akabandika karatasi:
kesho mwisho, zamu moja, saa kumi na moja, watu sita.
Jina langu limo. La Zelina halimo.
Zelina hasemi. Huandika saa zake kwa kalamu ya risasi
ukutani, nyuma ya makoti,
na mimi najua kusoma.
Zangu zilitimia Jumatatu.
Zake zimebaki tisa.

Usiku ule sikuwa mtakatifu.
Nilipiga hesabu ya jino la kung'olewa,
ya gari lisilotaka kuwaka.
Zamu ni pesa, hata kama idadi imetimia.
Nikamchukia Zelina kidogo, kwa kuandika kubwa vile.

Alfajiri, saa kumi na moja, nikapiga simu.
Mgongo, nikasema. Umenishika.
Wendell akanyamaza.
Naye hutundika koti lake ukuta uleule.
Pole na mgongo, akasema. Nitamwita mwingine.
Hakutaja nani, nami sikuuliza.

Jumamosi nikaenda dukani nikichechemea,
maana jimbo ni dogo, na uongo ukishauvaa
huwezi kuuvulia barabarani.
Zelina alikuwa kwenye unga. Akanitazama kiuno.
Mgongo?
Afadhali.
Akatoa mfukoni kitu kilichokunjwa,
utepe wa waziri, mwekundu, mita mbili nzima,
kauokota matopeni, kaufua, kaupiga pasi.
Jifunge kibwebwe, akasema, bila kucheka,
akaenda kulipia unga wake.

Nimefungia lango la kuku.
Mpaka leo unahimili upepo.