Kurasa Tisini na Sita

Daftari tulilinunua mjini Malindi,
lile la jedwali la kuzidisha mgongoni.
Ukurasa wa kwanza Nyevu ameandika kwa wino mwekundu:
MAGOFU YA WAMAYA.
Kisha akapiga mstari kwa rula, kama mwalimu.

Pasipoti mbili.
Chanjo ya homa ya manjano, kadi isilowe.
Ndege: Ngowa wa saiba, pale Maweni, anasema ni tatu, labda nne.
"Na viza, mjomba, viza ni kesi."
Kesi basi. Kizimbani nimeshazoea:
miaka ishirini na sita kibandani Gedi,
nyuma ya dirisha dogo kama kiganja,
nawakatia tikiti watu wa kila bara.
Mimi sijakatiwa hata moja.

Kiinua mgongo kinatoka Machi. Nyevu anataka bati.
Mimi nataka ngazi za mawe zipandazo juu ya msitu
mpaka kima wawe chini yangu.
Tukakubaliana: nusu bati, nusu ngazi.
"Nusu ya ngazi inafika wapi?" akaniuliza.
Nikajifanya natafuta kalamu.

Kuna swali ambalo kila mgeni huliuliza,
kofia mkononi, jasho shingoni, mbele ya kisima kikavu:
Watu hawa walikwenda wapi?
Nimejibu maji yalikauka. Nimejibu vita. Nimejibu ndwele.
Siku ya njaa nimejibu sijui.
Na saa hiyo hiyo Bi Mwanashee hupita nyuma yao na beseni la mahamri,
yeye ambaye, kwa maneno yake, ukoo wao ulitoka ndani ya kuta zile.
Anawauzia. Wanakula.
Wanajifuta midomo, wanauliza tena.

Nimesoma kwamba huko nako ni vivyo hivyo.
Wamaya hawakwenda popote. Wako nje ya lango,
wanauza maji baridi na vitambaa,
wanagombania chenji kwa lugha ya mababu zao.
Basi lazima yuko mlinzi,
mwenye funguo, mwenye mgongo unaouma kama wangu.
Huyo ndiye ninayemwendea.
Piramidi nitaitazama, kwa adabu,
lakini yeye nitamvuta pembeni, kwa ishara ikibidi:
Wewe huwajibu nini?

Baba alikata mkonge Vipingo hadi vidole vikapinda.
Mkonge asili yake ni huko, upande wa Wamaya.
Mahindi pia. Nilipomwambia Nyevu
aliuacha mwiko umesimama sufuriani:
"Tupande ndege nne, tukale sima?"
Ndiyo, mke wangu.
Mahindi yalikuja bila viza,
yakavua viatu, yakakaa, tukayaita yetu.
Nasi hatujaenda hata kupiga hodi.

Jana usiku nimelifungua daftari kwa mwanga wa simu.
Nauli: bado laki nne na kitu.
Nyevu ameongeza mistari, akidhani nimelala:
viatu vya mpira, vile visivyoteleza.
Unga wetu kilo mbili, wauonje.
Na chini kabisa, bila rula, mwandiko umekwenda upande:
Kuku tutamwachia nani?