Hesabu ya Chupa

Mama hakupenda neno ushirika.
Lilifika kijijini kwetu, kwenye milima ya Rodopi, likipanda lori,
na karatasi ya kutia sahihi,
likaondoka na maksai wawili wa babu
na shamba la mtoni, lile la udongo mweusi.
Babu alitia dole gumba. Wino ulitoka baada ya siku tatu;
aibu alizikwa nayo.

Basi tukabaki na ua, na ua una lango,
na lango lina komeo.
Safu kumi na moja za pilipili hoho. Nyanya. Bilinganya
alizozipapasa kila asubuhi kama anayepima homa.
Mwezi wa tisa aliwasha moto peke yake chini ya bati,
akazichoma hoho mpaka ngozi ikawa mkaa,
akazimenya kwa vidole vilivyokwisha kuzoeana na moto,
akakoroga sufuria saa tano, wima,
kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe.

Simsuti. Kazi ya peke yako ina utamu wake:
hakuna wa kukuuliza chumvi,
na jasho linajua njia ya kwao.

Nilipomwambia kidole kimoja hakivunji chawa,
alijibu bila kuinua macho:
“Na huyo chawa, unadhani aliletwa na nani?
Na watu wenye vidole kumi kumi.”

Kisha ukaja mwaka aliovunjika mkono.
Hoho ziliiva vile vile. Hoho hazijui pole.
Alfajiri Gergina akasukuma lango
(komeo lilikuwa bovu siku nyingi; kumbe kijiji kizima kilijua),
nyuma yake Rusko akivingirisha pipa la kuchemshia,
na nyuma kabisa Dafina, mjane,
ambaye mama hakusemezana naye
tangu kile kisa cha kuku.

Hawakupiga hodi. Hawakulitaja lile neno.
Waliketi wakamenya. Waligombana kuhusu chumvi.
Dafina akasema, sukari kidogo.
Mama akasema, labda nife kwanza.
Ikatiwa sukari kidogo.
Tulikuwa wekundu mpaka viwikoni
kama watu waliotoka machinjioni,
na Rusko akaunguza nusu sinia
kwa kusimulia habari za jeshini.

Usiku mama alihesabu, mkono ukining’inia shingoni:
chupa mia moja na kumi na saba.
Akaniamuru niandike. Gergina, kumi na mbili. Rusko, tisa,
maana aliunguza. Dafina kumi na mbili, hata yeye.
Kulipokucha akanituma na toroli, nyumba kwa nyumba.
“Silali na deni la mtu.”

Lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu,
huko kwetu kama kwingine kokote.
Kabla ya theluji, chupa za Gergina zilirudi na plamu,
za Rusko na asali iliyojaa vipande vya nta,
za Dafina na kabichi iliyochachuka mpaka inauma taya.
Mama akafungua daftari, akafuta, akaandika upya,
akatuma vitunguu.
Vikarudi uyoga.
Akatuma maharage.
Miaka kumi na minne aliwania kumaliza ile hesabu.

Leo nimeshuka ghalani kwake, chini ya nyumba,
na tochi, na daftari.
Kurasa za mwanzo zina mistari iliyonyooka.
Za katikati zimekatwakatwa kama uso wa meza ya jikoni.
Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja tu,
kwa mwandiko wake wa uzeeni, unaoteleza:
Chupa ya rafu ya juu. Yangu? Ya Dafina?

Nimepanda kwenye kigoda, nimeishusha.
Kifuniko kimetoa pumzi yake ndogo.
Nimechovya kidole.

Ina sukari kidogo.