Rangi ya Pipa la Saba

Tymek kaileta ndani ya mfuko wa viazi,
mashine ya gemu, kongwe kumliko yeye,
kaiokota guliani Jumapili kwa bei ya mikate miwili.
Zamani ilikuwa kijivu, anasema. Leo ina manjano
ya meno ya mvutaji,
ya gazeti lililosahauliwa dirishani.
"Jirani, si wewe ulikuwa mtia rangi?"

Nilikuwa. Miaka ishirini na miwili, hapa hapa Łódź,
idara ya mapipa, zamu ya usiku.
Hata picha ya harusi yangu ni shahidi:
shela jeupe, viganja vya buluu.

Bafu langu limekuwa karakana.
Skrubu sita zimetoka, ya saba imegoma,
tukaikoroga kwa bisibisi mpaka ikafa.
Ndani: makombo ya biskuti,
sarafu ambayo siku hizi hainunui hata kiberiti,
na chini ya kifuniko, kwa ncha ya msumari,
MARCIN,
herufi ya mwisho imeangalia nyuma.
"Nani huyu?"
Aliyekuwa akishindwa, nikamwambia.
Mshindi haandiki jina mafichoni.

Msasa wa maji, duara, duara.
Vumbi la manjano likashuka kwenye hodhi kama unga wa dengu.
Mwenye kovu usidhani kapoa:
kila mkwaruzo tulioufuta
uliacha mwingine chini yake, mwembamba zaidi.

Kompresa kaiazima kwa mjomba wake,
mtu mzima anayepaka rangi vifaru vya ukubwa wa kidole.
Ikanguruma. Bi Pietrzak wa chini akagonga bomba kwa mwiko.
Tukavaa barakoa, mtoto na mimi,
kama wezi wawili wasiojua wanaiba nini.

Mimi nimezoea kitambaa.
Kitambaa kina kiu: kipe rangi, kinainywa
hadi uzi wa ndani, hadi kisahau kilivyokuwa.
Plastiki hainywi.
Rangi inakaa juu yake kama mgeni asiyevua koti,
nawe umbembeleze, pazia jepesi, subiri,
pazia jingine, subiri,
mkono usisimame, mkono usisimame.

Tymek alitaka nyekundu. Nikamnyima.
Nilitaka ile ya pipa la saba,
mwaka nilipozidisha kijani kwa usingizi,
mita elfu mbili zikatoka si buluu si majani,
rangi ya maji ya bwawa chini ya barafu.
Msimamizi Sobczak alinikata mshahara
na kitambaa kikauzwa kwa bei ya kutupa;
majira yale ya kuchipua mtaa mzima ulivaa kosa langu.
Wasichana kwenye tramu. Padri, soksi.

Nimechanganya mara nne kwenye vikombe vya maziwa ya mgando.
Mara ya kwanza, anga. Ya pili, dawa ya mswaki.
Ya tatu sitaki kuisema.
Kosa ni gumu kulirudia kwa makusudi.
Ya nne ilikaribia. Nikasema basi.

Pembeni kushoto nilichelewa kuachia,
chozi moja likashuka, likagandia njiani.
"Tulisugue?"
Liache. Hilo la kwangu.

Usiku nikanawa uso kwenye sinki la jikoni
na kulala dirisha wazi, Februari, koti juu ya blanketi,
harufu ya tina ikinizunguka kama zamu ya usiku
iliyokuja kuniuliza mbona sionekani.

Leo tumeifunga, skrubu tano na matumaini.
Marcin kabaki gizani, kijivu chake hakikuguswa.
Taa ikawaka. Tymek akanipa padi,
nikafa mara tatu kabla chai haijapoa.
Akacheka mpaka akakohoa.

Kidole gumba changu kina doa.
Nimelisugua kwa tina, naam,
lakini si kwa bidii.