Kisiwashwe

Mwezi wa tatu, hapa Mabela,
madirisha yako wazi na majirani wanatujua.
Wanajua Azzan hataki mayai.
Wanajua Yaarub kapoteza tena kiatu kimoja,
cha kushoto, siku zote cha kushoto,
na sauti yangu wanaijua kuliko ninavyoijua mimi.
Saa kumi na mbili na robo basi la shule linapiga honi
nami niko mlangoni, kitana mkononi,
kofia ya mdogo iko kichwani mwa mkubwa,
ya mkubwa imemfunika mdogo hadi kwenye nyusi,
na hakuna wa kukiri.

Yaarub ndiye aliyemwona.
Alikwenda roshani kutafuta kiatu
akarudi ananyata, kidole mdomoni,
mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyata.
Juu ya mashine ya kiyoyozi, ile ya nje,
tetere ametaga.
Kiota, kama ni kiota: vijiti kumi na viwili,
kipande cha waya,
na uzi uliochomoka kwenye kanzu yetu moja.
Mayai mawili.
"Hamama," kasema Azzan, kwa Kiarabu cha darasani.
"Tetere," nikamwambia.
Akalijaribu neno kama anayeonja chai ya moto:
te-te-re.
Ndege akageuza shingo.
"Ahaa," kasema. "Anajua Kiswahili."

Kitabu chao kina picha ya rabii:
mti umejaa maua, mtoto kavaa sweta, kuna kijito.
"Mama, ya kwetu iko wapi?"
Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikaonyesha dirisha kwa mwiko.
"Ndiyo hiyo inayoingia. Ikamateni upesi."

Hawakuikamata. Aprili ikafika na jiko lake.
Thelathini na sita. Thelathini na nane.
Nasor anarudi kazini Rusayl, shingo imelowa,
anaulizia rimoti kabla ya kunisalimu.
Rimoti imo ndani ya pipa la mchele;
nilikutana nayo nikipima vikombe vitatu, nikaifukia tena.
"Wallahi, leo nawasha."
Yaarub kasimama mbele ya swichi, mikono imetanuka,
kama mlinda mlango anayengoja penalti.
"Siku nne tu, baba. Nimehesabu."
Na kweli amehesabu: mistari ya penseli
ubavuni mwa friji yangu mpya.

Bibi yao akapiga simu kutoka Ibra.
"Sisi tulilala darini, juu jua, chini jiwe,
na hakuna aliyekufa."
Akanyamaza kidogo.
"Lakini mimi sasa nimewasha changu."

Basi tukaburura magodoro mpaka sebuleni,
watu wanne, pangaboi moja.
Mguu wa mtu umo mbavuni mwangu.
Azzan anaota kwa lugha mbili,
anagombana kwa Kiarabu, anaomba maji kwa Kiswahili,
nami namjibu kwa ile iliyo karibu.

Usiku wa tatu nikaamka, upande wa Nasor mtupu.
Alikuwa roshani, kikoi na fulana,
tochi ya simu kaiziba kwa vidole
hadi mwanga ukatoka mwekundu.
"Moja limepasuka," akanong'ona.
Moyo ukanidondoka.
"Ametoka. Njoo uone. Domo limemshinda mwenyewe."
Tukasimama pale, watu wazima wawili, tunatiririka jasho,
tunatazama kitu kikubwa kama kidole gumba
kikitetemeka bila baridi.
"Usiwaamshe," akasema. "Wacha wamvumbue wao."

Asubuhi wakaja mbio, wanasukumana mlangoni,
kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kusema.
Baba yao akashtuka vizuri sana,
mkono kifuani, "Nyie! Kweli?"
hata mimi nilikaribia kumwamini.

Basi likapiga honi.
Kiatu cha kushoto hatujakiona bado.