Kushika Foleni

Miaka ishirini na sita nilikaa upande wa ndani wa dirisha,
posta, Moshi mjini, nikigonga mihuri,
nikiwaambia watu: Subiri. Kaa pembeni. Anayefuata.
Sasa nimestaafu, goti la kushoto lilinitangulia,
na kila Jumatano nasimama upande wa nje.

Siku ya kwanza Matroni Anansia aliniuliza, "Una ujuzi gani?"
Nikasema naweza kusali, naweza kufariji.
Akatazama viatu vyangu.
"Wafariji tunao, wanajaa humu mpaka hewa inakwisha.
Unaweza kusimama?"

Ndivyo nilivyopewa kazi.
Mtu ana mgonjwa wodi namba tano na karatasi ya dawa mkononi,
hawezi kuwa mahali pawili.
Naichukua karatasi, yeye anakwenda kwa mtu wake,
nabaki na mgongo wa aliye mbele yangu.
Migongo nimeijua:
wa mama mwenye mtori ndani ya chupa, anaibana kwapani isipoe;
wa kijana wa Machame aliyeuza mbuzi jana na bado ananuka mbuzi;
wa yule ambaye foleni ikisogea hasogei,
mpaka umguse bega, polepole,
kama mlango usiojua kama nyuma yake kuna mtu.

Asubuhi mlima huonekana juu ya bati la jikoni,
kisha mawingu yanaufunga.
Hakuna anayeutazama. Tunatazama dirisha.

Jumatano ile alikuja Aminiel, kutoka Usseri,
koti la mvua mwilini, siku tatu machoni.
Nikamwambia nenda, saa ya kuona wagonjwa ni moja tu,
saa sita hadi saa saba, na foleni haijui saa.
Akanipa karatasi, na noti zilizofungwa kwenye kitambaa.
Hakuniuliza jina.
Mbele yetu watu thelathini na wanane.

Nikafika dirishani, yeye hajarudi.
Binti wa ndani, kucha safi, muhuri mkononi
(nilijua uzito wa muhuri ule),
akasoma: "Ndeonansia Aminiel. Ni nani wako?"

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi cha kuharakisha.
Ningeweza kusema dada. Ningeweza kusema jirani.
Swali hilo nami niliwauliza wajane,
kwa sauti hiyo hiyo,
walipokuja na stakabadhi za vifurushi vya waume zao,
wala sikuwahi kujua kwamba lina meno.

"Nimemshikia foleni," nikasema.
Akagonga muhuri.

Wodi namba tano, kitanda cha pembeni:
Aminiel amelala.
Ameketi kwenye stuli, kichwa miguuni pa mkewe,
mdomo wazi, koti bado limefungwa vifungo vyote.
Saa saba imepita, mlinzi ameshapiga kengele,
na Matroni anapita akijifanya anahesabu mashuka.
Mke yu macho. Mkono mmoja una mpira wa dripu;
kidole cha mkono wa pili akakiweka midomoni.
Kisha akanong'ona kitu kwa Kirombo.
Mimi ni Mpare. Sikuelewa hata neno.
Nikaweka dawa juu ya kabati,
chenji juu ya dawa,
risiti juu ya chenji, tabia ya posta haifi,
nikatoka kwa ncha za vidole, goti likilia kama bawaba.

Jumatano iliyofuata kitandani palikuwa na bibi mwingine,
shuka la rangi nyingine.
Sikuuliza. Tunaojitolea hatuna daftari.
Usiku mwingine naamka nikitaka kujua,
usiku mwingine nashukuru kwamba sijui.

Leo niko wa hamsini na mbili, na mwandiko wa daktari ni kumbikumbi.
Mama wa mtori amerudi, yuko nyuma yangu.
Ananigusa bega, ananisogezea chupa, bado ya moto.
"Nishikie," anasema,
na ameshaondoka.